Kutunza fanicha za kale zenye nakshi za vinia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wenye meza, makabati na masanduku ya kale yaliyopambwa kwa vinia, yaani mbao nyembamba zilizogundishwa juu ya ubao, huuliza mambo yaleyale, na mara nyingi huuliza baada ya kipande kuanguka sakafuni. Majibu haya ni ya mtu anayezishika fanicha hizi kila siku na anayeumia kuona kazi ya miezi ya fundi wa zamani ikiharibiwa mchana mmoja kwa nia njema.

Njumu na nakshi ya vinia ni kitu kimoja?

Ni ndugu, si pacha. Anayetia njumu huchimba ubao mzima na kupachika kipande cha kitu kingine ndani ya shimo: pembe, fedha, lulu, mbao ya rangi nyingine. Nakshi ya vinia, wanayoiita marketri, haichimbi. Fundi hukata mbao nyembamba za rangi mbalimbali kwa msumeno wa uzi, akaunganisha vipande vikawa picha ya maua, ndege au ala za muziki, kisha picha nzima ikagundishwa juu ya ubao wa kawaida kama mwaloni au msonobari. Kwa hiyo unachokiona ni ngozi tu. Vinia za zamani zilipasuliwa kwa msumeno na nyingi zina unene wa milimita moja hadi mbili. Za viwandani siku hizi hukatwa kwa kisu, na mara nyingi hazifiki hata milimita moja.

Tofauti hii ina maana kubwa katika utunzaji. Njumu inashikwa na kuta za shimo lake pamoja na gundi. Vinia haina kuta. Gundi ikichoka, basi.

Kwa nini vinia inabanduka na kupasuka, wakati hakuna aliyeigusa?

Imeguswa na hewa. Mbao hunywa unyevu na kuutoa maisha yake yote, hata ikiwa na umri wa miaka 300. Ikinywa hutanuka, ikikauka hunywea, na haifanyi hivyo sawasawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi karibu haisogei kabisa. Kwa upana husogea sana, na upande unaofuata duara za mti husogea takriban mara mbili ya upande unaotoka kwenye kiini kwenda kwenye gome.

Sasa tazama ua moja kwenye kifuniko cha meza. Jani limekatwa nyuzi zikielekea kushoto, petali zinaelekea juu, mandhari ya nyuma inalala kwa mshazari, na chini ya vyote ubao wa msingi una mwelekeo wake. Hewa ikikauka kila kimoja huvuta upande wake. Kinachozuia vita hiyo ni utando mwembamba wa gundi ya ngozi ya wanyama, na gundi yenyewe hukauka na kuwa dhaifu kama biskuti hewa ikiwa kavu mno, halafu hulainika na kuota ukungu hewa ikiwa na maji mengi. Ndiyo maana utaona mipasuko mirefu iliyonyooka ikipita katikati ya picha bila kujali maua wala ndege. Mpasuko huo unafuata kiungo cha mbao za chini, zilizonywea zikaachana.

Basi unyevu uwe kiasi gani?

Makumbusho mengi hulenga kati ya asilimia 45 na 55. Nyumbani usijitese kwa namba hiyo. Mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayoua. Kabati lililokaa miaka 50 kwenye chumba chenye asilimia 60 bila kuyumba liko salama kuliko lililohamishwa leo kwenye chumba chenye 45 kilichokauka kwa kiyoyozi. Nunua kipimaunyevu kidogo, kiweke karibu na fanicha, andika namba asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja. Daftari hilo litakufaa kuliko chupa yoyote ya dawa ya mbao.

Fanicha isikae mbele ya kiyoyozi, kando ya hita, juu ya zulia lenye mabomba ya joto chini yake, wala kwenye ukuta unaolowa. Acha nafasi ya kiganja kati ya mgongo wake na ukuta ili hewa ipite. Unyevu ukizidi asilimia 65 na kukaa hapo, ukungu unaanza kupata makazi.

Nitajuaje kama vinia imeanza kuachia kabla haijadondoka?

Kwa jicho, kidole na sikio. Zima taa za juu, washa tochi na uilaze pembeni ili mwanga uteleze juu ya uso wa mbao. Uvimbe mdogo utatupa kivuli. Kisha gonga taratibu kwa ncha ya kucha, sentimita kwa sentimita. Vinia iliyoshika hutoa sauti fupi, nzito. Iliyoachia inalia kama kuna uwazi chini yake, na masikio yako yatazoea ndani ya dakika tano. Weka alama kwenye picha uliyochapisha, kamwe si kwenye fanicha yenyewe. Kingo za droo, pembe za chini na eneo la tundu la ufunguo ndiko mambo huanzia.

Kipande kimedondoka. Nifanye nini sasa hivi?

Kiokote, kitie kwenye bahasha, uandike juu yake kimetoka wapi na lini. Piga picha ya pengo. Pitia sakafu kwa mkono kabla ya kufagia, kwa kuwa vipande vingi vya nakshi hupotelea kwenye takataka. Usikisafishe na usikwangue gundi ya zamani iliyoganda nyuma yake: ndiyo inayomwonyesha fundi jinsi kilivyokaa.

Usibandike utepe wa gundi juu ya sehemu inayoning'inia. Najua unaonekana kuwa msaada wa haraka. Utakapoubandua utaondoka na vanishi, na mara nyingi na vinia yenyewe. Sisi wahifadhi, mafundi wa kutunza na kurekebisha vitu vya kale, hutumia kipande cha karatasi laini ya Kijapani na gundi hafifu inayotoka kwa maji kidogo. Huna? Weka fanicha mahali isipoguswa, ondoa kitambaa chochote kinachoweza kunasa, usubiri.

Kwani gundi nyeupe ya mbao au ile ya kunasa papo hapo ina ubaya gani? Inashika vizuri zaidi.

Inashika vizuri mno, na ubaya wake ni huohuo.

Gundi waliyotumia mafundi wa zamani hutengenezwa kwa ngozi, mifupa na kano za wanyama. Vipande vyake vikavu hulowekwa usiku kucha kwenye maji baridi hadi vivimbe, kisha hupashwa moto ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, takriban nyuzi joto 60. Ikichemka inapoteza nguvu. Sifa yake kubwa ni kwamba inarudi nyuma: joto na unyevu kidogo vinailegeza hata baada ya karne mbili. Fundi wa mwaka 1760 alibandika akijua kuna mwenzake ambaye siku moja atahitaji kubandua.

Gundi za kisasa hazina adabu hiyo. Nyingine hubaki ndani ya vinyweleo vya mbao, zikazuia gundi nyingine yoyote kushika hapo tena. Na kiungo kikiwa kigumu kuliko mbao, mbao ikitaka kusogea haitaachia kwenye gundi, itapasuka yenyewe katikati ya picha. Nusu ya muda wangu kazini hauendi kwenye uharibifu wa wakati, unaenda kwenye kukwangua gundi ya mtu aliyetaka kusaidia.

Mhifadhi hurudishaje uvimbe mahali pake?

Nikueleze jani moja tu. Jani lina ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, limetuna katikati, kingo zake bado zimeshika. Kwanza nasafisha uso wake, maana uchafu ukipata joto utaingia ndani. Kisha najaribu bila gundi mpya: kipande cha plastiki nyembamba juu, kitu kizito chenye uvuguvugu juu yake, nasubiri. Wakati mwingine gundi ya zamani bado ina uhai, inalainika na kushika tena, na hapo sijaongeza chochote.

Isipokubali, natafuta mpasuko uliopo tayari. Kama haupo, nakata kwa kisu cha upasuaji kufuata nyuzi za jani, si kuzikatiza, ili mkato ujifiche. Tone la maji ya uvuguvugu lenye spiriti kidogo huingia kwanza kwa sindano, likifungua njia. Halafu gundi ya moto, kidogo. Nabonyeza kwa kidole kutoka upande mmoja hadi gundi ichungulie upande wa pili, nafuta haraka, naweka plastiki, naweka kibao, naweka uzito. Sigusi hadi kesho. Siku nzima ya kungoja kwa jani moja, na meza ina majani 80. Watu wakiuliza kwa nini kazi hii ni ghali, ninawaonyesha jani.

Usijaribu hili kwa pasi ya nguo. Vanishi ya shelaki, ile ya kale inayotokana na utomvu wa wadudu, hupata mawingu meupe kwa joto na unyevu, na pasi haina huruma.

Nifute vumbi kwa kutumia nini?

Kwa brashi laini ya nywele, si kitambaa. Uzi mmoja wa kitambaa ukinasa kwenye kona iliyoinuka unaing'oa. Sukuma vumbi kwa brashi kuelekea mdomo wa kifyonzavumbi kilichowekwa nguvu ya chini, mdomo umefungwa wavu ili kipande kikitoka kibaki hapo.

Uchafu ulioganda ni kazi nyingine. Wahifadhi hutumia kijiti chenye pamba na, usishangae, mate. Mate yana vimeng'enya vinavyoyeyusha mafuta na uchafu wa mikono, nayo si makali. Baadaye hufutwa kwa pamba yenye maji yaliyokenekwa kidogo sana. Kabla ya yote jaribu mahali pasipoonekana, na vinia iwe imeshika kabisa. Maji ya bomba kwa kitambaa cha jikoni ni njia ya haraka ya kupeleka unyevu chini ya kila kiungo. Spiriti, manukato na dawa za kusafisha vioo huyeyusha shelaki.

Mbao si inahitaji kulishwa mafuta?

Mbao iliyokufa hailishwi. Hii ni imani ya madukani, imeharibu fanicha nyingi. Mafuta ya kitani hukauka yakawa gamba linalogeuka kahawia iliyokolea, kisha karibu jeusi, likameza tofauti za rangi ambazo ndizo picha yenyewe. Dawa za kupuliza zenye silikoni huacha utando ambao vanishi mpya haishiki juu yake.

Nta inatosha. Nta ya nyuki au ile laini isiyo na rangi wanayotumia makumbusho, mara moja kwa mwaka au hata kila miaka miwili, utando mwembamba, usuguliwe polepole. Lakini kama kingo zimeinuka, usipake kabisa. Nta ikipenya chini ya vinia, gundi haitashika tena hapo bila kusafishwa kwa taabu.

Uso umechakaa. Naweza kupiga msasa kidogo na kupaka vanishi upya?

Tafadhali usifanye.

Mafundi wa karne ya 18 walikuwa na namna mbili za kutia uhai kwenye picha. Ya kwanza ni kivuli: kipande cha vinia kiliingizwa ukingo wake kwenye mchanga wa moto hadi kikaungua polepole kutoka kahawia hafifu hadi iliyokolea, na petali ikaonekana kupinda. Ya pili ni mchoro: mishipa ya jani, manyoya, macho, vyote vilichongwa kwa mistari myembamba na kujazwa weusi. Vyote viko karibu na uso. Msasa hupita hapo kwanza.

Niliwahi kuletewa kifuniko cha sanduku chenye ndege. Kichwa, mabawa, mkia, vyote vilikuwa laini na vitupu, kama picha aliyoikata mtoto kwenye karatasi. Kwenye kona palikuwa na bamba la chuma lililoongezwa baadaye, limefunika ncha ya bawa. Nilipolifungua nikakuta manyoya. Mstari mmoja mmoja, mwembamba kama unywele, na kila unyoya una kivuli chake upande wa chini. Eneo lenyewe halikuzidi sarafu. Huyo ndiye ndege aliyekuwepo kabla ya mtu kupiga msasa, na hakuna fundi duniani awezaye kumrudisha.

Fanicha hizi zamani zilikuwa na rangi hii ya kahawia?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Fanicha nyingi tunazoziona na rangi ya asali zilitoka karakana zikiwa na kijani, buluu, nyekundu na zambarau. Mbao nyeupe kama mepo na holi zilitiwa rangi, nyingine ziligeuzwa kijivu kwa chumvi ya chuma. Waitaliano wa karne ya 15 walitumia hata mbao iliyogeuzwa kijani na kuvu anayeota juu ya magogo yanayooza. Mwanga ukafuta. Mbao ya amaranti, iliyokuwa zambarau, leo ni kahawia.

Ukitaka kuamini, fungua kabati. Ndani ya milango, chini ya vifuniko na nyuma ya mapambo ya chuma, mahali ambapo jua halikufika, rangi mara nyingine bado zipo. Kwa hiyo funga mapazia. Kwa vitu dhaifu kama hivi makumbusho hushusha mwanga hadi takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga) na kuchuja miale ya urujuanimno. Na usiweke chombo mahali pamoja juu ya meza kwa miaka, kitaacha duara lake.

Kabati langu lina shaba na gamba la kasa. Ni sawa na mengine?

Ni gumu zaidi. Mtindo huu unahusishwa na André-Charles Boulle, fundi wa Paris aliyeishi 1642 hadi 1732 na kumfanyia kazi mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Karatasi za shaba ya manjano na gamba la ng'amba zilibanwa pamoja zikakatwa kwa mpigo mmoja, zikatoa picha mbili: moja ya shaba juu ya gamba, nyingine ya gamba juu ya shaba. Ndiyo sababu vitu hivi hupatikana kwa jozi zilizopinduana. Makumbusho ya Wallace Collection ya London yana mkusanyiko mzuri wa kazi hizi.

Shaba hutanuka kwa joto na haijali unyevu. Mbao hufanya kinyume. Gamba lina tabia zake. Vyote vitatu viko kwenye gundi moja. Shaba ikiinuka, ukingo wake unakata kama wembe na kunasa kila kinachopita, na ikikunjwa haikubali kulala tena kirahisi. Usiibonyeze kwa nguvu. Wala usiing'arishe kwa dawa ya shaba, kwa sababu ina michoro iliyochongwa na dawa hizo husaga uso kila unapotumia, mbali na kuacha unga mweupe kwenye kila kiungo. Hapa mpe mtaalamu.

Naona vitobo na unga chini ya mguu.

Vitobo peke yake si habari, huenda wadudu waliondoka miaka 100 iliyopita. Unga mpya, wa rangi angavu, ndio habari. Weka karatasi nyeusi chini, urudi baada ya wiki mbili. Ukiwepo, tenga fanicha hiyo na nyingine. Usipulize dawa ya majimaji juu ya vinia. Njia inayopendwa kwa kazi za namna hii ni kuifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuondoa oksijeni, mara nyingi kwa naitrojeni, kwa wiki kadhaa. Kugandisha kunaua wadudu pia, ila kwa vinia na shaba kuna hatari zake.

Kuna pembe za ndovu ndani. Naweza kuuza au kusafirisha?

Uliza kabla ya kusogeza chochote. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaofanya kazi tangu 1975, unagusa pembe za ndovu, gamba la ng'amba na baadhi ya mbao. Mbao ya rosewood ya Brazil iko kwenye orodha kali zaidi tangu 1992. Uingereza ilipitisha sheria ya pembe mwaka 2018 na ikaanza kutumika 2022, ikiacha njia chache tu za kuuza. Umri wa fanicha hausamehe kila kitu, na mzigo wa kuuthibitisha ni wako. Vipande vilivyokosekana leo hujazwa kwa mfupa, kokwa ngumu za tagua, mti wa jamii ya mnazi, au utomvu uliotiwa rangi.

Kipande kilichopotea kifanane kabisa na cha zamani?

Kifanane ukiwa umesimama hatua mbili mbali, kitambulike ukiinama. Mimi hutumia mbao ya aina ileile ikipatikana, nyuzi zikielekea ilipoelekea ya kwanza, na rangi huongezwa juu ya utando wa vanishi ili iweze kutolewa. Nyuma au kwenye ripoti huandikwa mwaka. Pengo dogo lisilosumbua jicho naliacha. Wengine watapinga, lakini pengo la kweli lina heshima kuliko ua la kubuni.

Nihamisheje kabati?

Watu wawili angalau, mikono mitupu isiyo na pete. Toa droo na marumaru kwanza. Shika kwenye mwili wa chini, si kwenye ukingo wa juu wala mapambo. Usiburute, kwa kuwa miguu ikisukumwa kando viungo hulegea na vinia ya pembeni inafyatuka.

Nimchagueje mhifadhi?

Muulize atatumia gundi gani na itaondolewaje. Mwombe picha za kabla na baada, na ripoti ya maandishi. Akigonga fanicha yako kwa kucha kabla ya kutaja bei, ni dalili nzuri. Akisema itakuwa kama mpya, mshukuru, ufunge mlango.

Naweza kuendelea kulitumia?

Ndiyo, kwa vitu vikavu na vyepesi. Vuta droo kwa vishikio vyote viwili, usijaze vitu hadi vikwaruze juu, na ufunguo ukiwa mgumu usiulazimishe: vinia inayozunguka tundu lake ndiyo ya kwanza kung'oka.